Breki za Thuranira

Watu wa Kaaga, pale Meru, walimwita Mayai, naye hakukasirika. Jina lake halisi ni Thuranira, mzaliwa wa Muthara huko Tigania, na kazi yake ilikuwa kubeba mayai kwa baiskeli kutoka kwa wafugaji wa kuku wa Kaaga hadi maduka ya Makutano, trei juu ya trei, zimefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Wewe unayecheka, umewahi kuteremka njia ya mawe ukiwa na mayai nyuma yako? Basi kaa kimya kwanza nikueleze mtu.

Alikuwa na blakmamba, ile baiskeli nzito ya breki za vyuma, na aliiendesha kama mama aliyebeba mtoto aliyelala. Penye mtaro wenzake walishuka wakasukuma. Yeye alipita juu ya gogo lililolazwa kuvukia, pole pole, akasimama katikati, akapumua, akaendelea, na mguu haujaacha pedali. "Mguu ukigusa chini, yai limepasuka," alikuwa akisema. Vijana wa stendi walimwekea magogo na mawe makusudi ili wamwone akianguka, mpaka wakachoka wenyewe.

Sasa, pale Kaaga alikuwapo Mholanzi mmoja aliyefundisha hesabu kwa kujitolea. Huyo naye alikuwa na baiskeli yake ya ajabu: fupi, ya magurudumu manene, kiti chake hata paka asingelalia. Haikuwa baiskeli ya safari. Ilikuwa ya kurukia mawe. Kwao, alisema, kuna mashindano ya kupita juu ya magogo na majabali bila mguu kugusa chini, na siku alipomwona Thuranira akivuka mtaro na mayai yake, alisimama barabarani akapiga makofi peke yake. Wakawa marafiki. Kila Jumapili baada ya ibada ungewakuta nyuma ya shule, Mzungu na Mayai, wanapanda mawe kama mbuzi.

Mwaka wa tisini na tisa Mholanzi alirudi kwao, akamwachia Thuranira ile baiskeli. Akamwachia na sanduku moja la vyuma, ambalo kwanza alilipitisha kwa fundi wa Makutano.

Karambu, mke wa Thuranira, aliizunguka hiyo baiskeli mara mbili, mikono kiunoni. "Baba Kanana, hii haina hata keria. Itabeba nini?"

"Itabeba mtamba," akajibu Thuranira.

Karambu hakucheka, maana alijua anasema nini. Chama cha wakulima kilikuwa kimetangaza kwamba kwenye maonyesho ya mwezi wa saba kutakuwa na mashindano ya baiskeli za kuruka, na mshindi atapewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Na mtamba ndiye aliyekuwa amewakwamisha maisha yao yote. Baba yake Karambu, mzee Kinoti, alikuwa amepokea kila kitu cha mahari: asali, kondoo, blanketi. Mtamba hakumwona. Akasema hataingia kanisani kumtoa binti yake mpaka aone ng'ombe akipita mlangoni mwake, na bila baba kumtoa hakuna arusi. Kanana, binti yao, alikuwa tayari anasoma chekechea, na mama yake bado alikaa benchi la nyuma kanisani. Siku ya Meza ya Bwana wenzake waliofunga ndoa kanisani waliinuka na vitambaa vyao vyeupe wakaenda mbele, yeye akabaki anatazama viatu vyake. Hakuwahi kumlaumu mumewe kwa hilo hata mara moja. Ndiyo maana Thuranira alimtaka yule mtamba mpaka akamwota.

Kwenye lile sanduku kulikuwa na breki. Baiskeli ilikuja na breki za rimu, zile za raba mbili zinazobana ukingo wa gurudumu. Ndani ya sanduku kulikuwa na magurudumu mengine yenye breki za diski: sahani ya chuma katikati ya gurudumu, na kijidomo kidogo kinachoibana. Huwezi kufunga zote. Ni lazima uchague.

Thuranira hakuwa na shida ya nani wa kumuuliza. Alimpelekea gichiaro yake.

Kwa asiyejua, gichiaro si urafiki. Rafiki unaweza kumnyima. Zamani, wakati wa njaa kuu, wazee wa ukoo wa kina Thuranira na wazee wa ukoo fulani wa Mbeere, kule chini Embu, walionja damu wao kwa wao wakaapa. Tangu hapo mtu wa huku akimwomba wa kule kitu, hanyimwi. Akimuuliza neno, hadanganywi. Na hawauziani kitu, kwa sababu huwezi kumuuzia mtu kilicho chake. Anayevunja, wazee walisema, atayaona kwa watoto wake. Vijana wengi wa mjini walikuwa wameshaanza kuyacheka mambo hayo, lakini Thuranira alilelewa na babu yake, na kwa babu yake hilo halikuwa jambo la kuchekea.

Gichiaro huyo aliitwa Nthiga. Alikuwa fundi wa baiskeli pale Makutano, mtu wa Mbeere, mrefu, mkimya, mwepesi wa mikono. Walipogundua tu koo zao, waliacha kuitana majina, wakaitana gichiaro tu. Kila Jumamosi Thuranira akimaliza maduka alimwachia Nthiga mayai, na Nthiga akamtengenezea baiskeli, tairi, cheni, chochote. Hakuna hata siku moja senti ilipita kati yao. Nthiga aliingia mwenyewe kwenye trei akachagua makubwa, na Thuranira alifurahi kumwona anachagua.

"Rimu au diski?" Nthiga aliuliza, ameshika ile sahani kwenye mwanga.

"Rimu naijua," akasema Thuranira. "Nikiigusa inanijibu. Hii yako naiona kama ya kulia githeri."

"Gichiaro, sikia. Mwezi wa saba hapa Meru ni manyunyu. Uwanja utakuwa matope. Rimu ikishapakwa tope, raba inateleza kama sabuni. Diski iko juu, katikati, tope halifiki. Lakini usiniamini mimi. Jaribu."

Wakajaribu. Walimwaga maji kwenye udongo nyuma ya kibanda, Thuranira akapanda mawe na breki za rimu. Akateleza. Wakabadilisha magurudumu, akapanda na diski. Baiskeli ilisimama juu ya jiwe kama imepigwa msumari. Akabaki pale juu akicheka peke yake kama mwehu.

Ushauri ule ulikuwa wa kweli. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko mengine yote. Hakudanganywa hata neno moja.

"Sasa hizi za rimu, gichiaro," akasema Nthiga akizifuta kwa kitambaa, "naziomba."

"Chukua."

Hakumuuliza za nini. Ndiyo gichiaro hiyo: ukiombwa, huulizi.

Wiki zilizofuata Thuranira alifanya mazoezi kila jioni. Alipunguza mayai, akapunguza usingizi, hata sauti yake ikapungua. Alijifunza kuigusa diski kwa kidole kimoja tu. Karambu aliketi kwenye gunia akimhesabia makosa, na Kanana akamwambia kila mtu wa Kaaga kwamba baba yake atamletea ng'ombe. Mzee Kinoti alizisikia habari hizo akasema, "Tutaona." Kwa mzee huyo hilo lilikuwa neno la upole.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penyewe.

Unajua watu wetu na maonyesho. Ng'ombe anaogeshwa, kwato zinapakwa mafuta, hata kabichi inafutwa kwa kitambaa. Baiskeli nayo haiendi uwanjani ikiwa kavu kama mguu wa mchunga mbuzi. Inapakwa jeli ya kukamulia, yale mafuta ya kopo ya kupaka chuchu za ng'ombe, kila mahali, mpaka ing'ae. Kila mtu alifanya hivyo, na blakmamba haikuwahi kumlalamikia mtu. Basi jioni ya kuamkia maonyesho, kwenye kibanda cha Nthiga, Karambu alileta kopo jipya na Thuranira akaanza kazi. Alipaka fremu. Alipaka spoku moja moja. Kisha akachovya kitambaa, akazipaka zile sahani za diski, ya mbele na ya nyuma, ndani na nje, mpaka ukaweza kujitazama meno.

Nthiga alikuwa ameketi kwenye kreti, anaziba tyubu. Aliacha kuziba. Akatazama kile kitambaa kikizunguka kwenye sahani, mdomo wake ukafunguka kidogo, kisha ukafungwa.

"Inang'aa, gichiaro," akasema.

"Si unaona!" akasema Thuranira.

Asubuhi hakuipanda. Aliifunika gunia akaisukuma kwa mkono kutoka nyumbani mpaka uwanjani, isije ikashika vumbi. Karambu alitembea nyuma amevaa kitambaa kipya kichwani, cheupe. Alikuwa amekishona mwenyewe na kukificha, na siku hiyo alikivaa mapema kidogo. Jua lilikuwa limetoka. Manyunyu hayakuja kabisa, mwezi mzima wa saba ukaamua kutoa jua siku ile moja.

Kwenye mstari wa kuanzia Thuranira alimkuta Nthiga. Ana namba mgongoni. Ana baiskeli ya milimani ya mteja fulani, na kwenye magurudumu yake, raba zimechongwa upya, zile breki za rimu.

"Ala! Gichiaro, na wewe?"

"Najaribu bahati tu."

Thuranira alizitazama zile breki, kisha akacheka. Ndugu si ndugu? Mmoja wao akishinda, mtamba amebaki nyumbani. Akamshika Nthiga bega akamtakia heri, na alimaanisha.

Mbele yao kulikuwa na gogo, kisha matairi ya lori yaliyolazwa, kisha ubao mwembamba, na mwishoni jabali ambalo mtu alipaswa kupanda na kusimama juu yake tuli mpaka mwamuzi apige filimbi. Mguu ukigusa chini mara mbili, umetoka.

Thuranira alipita gogo kwa mazoea tu. Watu wakapiga mbinja, wengine wakaita, "Mayai! Mayai!" Kwenye tairi la kwanza aliinua gurudumu la mbele, akaliweka juu, akagusa breki kwa kidole kimoja kama alivyozoea. Hakuna kitu. Akaikamata kwa vidole vyote. Mkono wa breki ulikuja mpaka ukagusa usukani, na gurudumu likaendelea kuzunguka, taratibu, kama halimjui. Mguu ukashuka. Mara ya kwanza. Akapanda tena, akavuka tairi la pili kwa kudra tu, na kwenye ubao baiskeli ilimkimbia chini ya mwili akaanguka ubavu kwenye majani.

"Mayai yamepasuka!" mtu akapiga kelele, na uwanja mzima ukacheka. Kanana naye alicheka, kwa sababu wote walikuwa wakicheka, kisha akautazama uso wa mama yake akaacha.

Nthiga alikwenda pole pole. Hakuwa hodari, kusema kweli. Lakini rimu zilikuwa kavu na raba zilikuwa zimechongwa vizuri, na kila alipogusa zilishika. Alisimama juu ya jabali amekunja uso, miguu inamtetemeka, mpaka filimbi ikalia.

Thuranira alikuwa ameketi chini nyuma ya mabanda ya ng'ombe, anazigusa zile sahani kwa kidole. Kidole kiliteleza. Akakinusa. Jeli. Halafu akakumbuka ule mdomo uliofunguka ukafungwa.

Nthiga alipokuja kumtafuta hakuinuka.

"Gichiaro, diski inapakwa mafuta?"

"Haipakwi," akasema Nthiga.

"Ulijua?"

"Nilijua. Mzungu aliniambia kwa Kiingereza siku alipolipitisha sanduku kibandani kwangu."

"Jana uliniona nikipaka."

"Nilikuona."

"Mbona hukuniambia?"

Nthiga alitazama pembeni. "Hukuniuliza."

Loo! Bora angemtukana. Thuranira alikuwa ametukanwa na wenye maduka, na makondakta, na baba mkwe, na yote aliyabeba. Hili hakujua alishike wapi. Mtu amelilinda neno la wazee kama mwanasheria, hajasema uongo, hajanyima kitu, na bado amekuchoma kisu. Alitaka kumpiga, lakini gichiaro haimwagi damu. Hata hasira yake ilikuwa imefungwa.

Nyumbani Karambu alimsikiliza mpaka mwisho. Kile kitambaa alikuwa amekivua. Kisha macho yake yakapata mwanga.

"Baba Kanana, si wewe na yeye ni gichiaro?"

"Ndiyo."

"Basi kamwombe. Mwombe mtamba. Atakunyima?"

Thuranira alimtazama kama ameambiwa maiti amepiga chafya. Kweli! Nthiga hawezi kunyima. Hicho kilichotumika kumwangusha ndicho kitamwinua. Usiku ule alilala, na kesho yake alishika njia ya Makutano akilirudia neno moja njia nzima: gichiaro, naomba mtamba. Gichiaro, naomba mtamba. Alikuwa amechukua hata kamba.

Mtamba alikuwa amefungwa nyuma ya kibanda, mwekundu mwenye doa jeupe shavuni, anangoja lori la kwenda Mbeere. Nthiga alimwona Thuranira kutoka mbali. Aliiona kamba. Akatupa spana chini, akavuka barabara mbio mpaka lori likampigia honi, akamfikia kabla hajafungua mdomo.

"Gichiaro, nakuomba kitu kimoja."

Thuranira akasimama. Alielewa kabla hajasikia. Aliyeomba kwanza hupewa kwanza.

"Omba," akasema.

"Usiniombe mtamba."

Watu walipita na magunia yao, utingo waliita abiria, na hawa wawili wamesimama kando ya barabara kama watu waliopotezana. Thuranira angeweza kukataa. Nani angejua? Lakini moyoni alimwona babu yake, akamwona Kanana, na hakuweza kuwa mtu wa kwanza wa ukoo wake kusema hapana.

"Nimekupa," akasema. Kisha akauliza, kwa sababu kuuliza hakukatazwa: "Kwa nini hukuniomba mapema? Ungekuja hata jana asubuhi useme, gichiaro, ukishinda, mtamba ni wangu. Ningeshinda nikakupa. Karambu angelia, lakini ningekupa. Wewe unajua ningekupa."

"Kiangazi kilimaliza ng'ombe wa mama," Nthiga akasema. "Hana hata mmoja."

"Sijauliza hilo. Nimeuliza kwa nini hukuniomba."

Na kwa kuwa gichiaro hadanganywi, Nthiga alijibu ukweli. "Sikuamini ungenipa."

Thuranira alirudi nyumbani na kamba yake. Karambu alikuwa mlangoni. Aliiangalia kamba, akaangalia nyuma ya mumewe, njia ilikuwa tupu.

"Kaomba kabla yangu," akasema Thuranira.

"Akaomba nini?"

"Nisimwombe."

"Na ukampa."

"Nikampa."

"Umempa mara mbili, Baba Kanana," akasema Karambu. Hakupiga kelele. Aliingia ndani akakikunja kile kitambaa cheupe, akakirudisha chini kabisa ya sanduku la nguo. Thuranira aliketi kwenye kizingiti akalia, mtu mzima, hadharani, na hakujali nani anapita.

Jumamosi ilipofika alipakia blakmamba yake kama kawaida. Alizunguka maduka yote ya Makutano. Ilipofika zamu ya kibanda cha Nthiga, miguu yenyewe ilimpeleka, maana miguu ina mazoea yake. Nthiga alitoka akijifuta mikono, akamsalimia kwa upole kuliko siku zote, akainamia trei na kuanza kuchagua makubwa makubwa.

"Hayo yanauzwa," akasema Thuranira.

Nthiga alicheka kidogo. Kisha akainua kichwa akaona kwamba mwenzake hachezi. Yai lilikuwa bado mkononi mwake.

"Gichiaro..."

"Naitwa Thuranira. Bei ni ile ile ya watu wote."

Tangu njaa ile ya wazee, hakuna mtu wa koo zile mbili aliyewahi kusema hivyo. Wote wawili walilijua hilo. Nthiga angeweza kulirudisha yai kwenye trei akaingia kibandani mwake. Angeweza pia kusema, naomba, na sijui Thuranira angejibu nini, wala yeye mwenyewe mpaka leo hajui. Hakuomba. Polepole alitia mkono mfukoni, akatoa pesa, mikono yake myepesi yote ikiwa mizito, naye Thuranira akanyoosha kiganja akazipokea.

Nyumbani alimkabidhi Karambu zile pesa kando na zingine.

"Weka hizi peke yake," akamwambia. "Tumeanza kununua mtamba."

"Za nani hizi?" akauliza Karambu.

"Za mteja," akasema Thuranira.